Jiwe la Kijani la Mama Deo

Nyinyi vijana mnaofanya usonara pale Bwiza, hapa Bujumbura, mkinikuta njiani huwa mnaniuliza mambo ya mikono. Namna ya kuijua fedha safi. Namna ya kuzuia lehemu isikimbilie upande usiotakiwa. Hayo tutayazungumza kila mtakapotaka, macho yangu ndiyo yamechoka, mdomo bado. Lakini kuna jambo ambalo hakuna aliyeniuliza hata siku moja, nalo ni uoga. Nimekaa kwenye kiti cha sonara zaidi ya miaka arobaini, na ile tisa ya mwisho niliikaa nikiuogopa mlango wa duka langu mwenyewe.

Mtu akisukuma pazia tu, moyo unaruka. Nikiona si Mama Deo, napumua. Nikiona ni yeye, natabasamu, navuta kiti, namwambia karibu mama.

Nilifundishwa kazi na Mzee Rajabu wa Buyenzi, ambaye wengi wenu mmesikia jina lake kwa baba zenu. Alikuwa mtu wa maneno machache. Mwaka wangu wa pili kwake nilivunja akiki ya bibi mmoja, nilipokuwa nakunja mdomo wa kikombe, yaani ule ukingo wa fedha unaoshika jiwe. Nilisukuma kwa pupa, jiwe likatoa kipande pembeni. Nikalificha chini ya kitambaa nikajifanya natafuta tupa. Mzee Rajabu hakuuliza kitu. Alivaa kofia yake, akachukua ile pete na kile kipande, akanishika mkono wa shati, tukatembea mpaka nyumbani kwa yule bibi, saa nane ya mchana, jua kali. Alipiga hodi, akasema: huyu amevunja jiwe lako, na mimi ndiye niliyemkabidhi, kwa hiyo tumekuja wawili. Bibi alitusema sana. Tulirudi, tukasali alasiri, tukaendelea na kazi. Nilipomwuliza kwa nini hatukungoja kesho, alinijibu kwamba kesho miguu ingekuwa mizito zaidi.

Nililisikia jibu hilo kwa masikio yangu mawili. Miaka mingi baadaye, mzee akiwa kaburini na duka likiwa langu, nilifanya kinyume chake kabisa.

Mama Deo alikuwa mtu wa Uvira, ng'ambo ya ziwa kule Kongo, aliyekimbilia huku siku nyingi, akauza ndagala, wale dagaa wa ziwani, sokoni mpaka akajenga chumba na sebule kule Kanyosha. Mwanawe wa kwanza, Deo, alikwenda kusoma nchi ya Wacheki, huko Ulaya. Aliugua huko, akafa huko, na akazikwa huko. Rafiki yake aliyeitwa Fabiani ndiye aliyeleta nguo zake, vitabu viwili, na jiwe la kijani lenye ukubwa wa punje ya haragwe, limefungwa ndani ya soksi. Deo alilinunua kwa ajili ya mama yake, hakuwahi kulituma.

Aliponiletea nilifanya kosa la kwanza. Niligusisha jiwe kwenye ulimi, kama nilivyowafundisha baadhi yenu: jiwe la kweli linauma kwa baridi, kioo kina uvuguvugu. Lile lilikuwa na uvuguvugu. Nikamwambia mama, pole, hiki ni kioo tu, labda cha chupa. Uso wake ulibadilika kama mtu aliyepigwa. Fabiani, aliyekuwa amemsindikiza, akaniambia kwa upole kwamba ndiyo, ni kioo, ila si cha kiwandani. Zamani sana, kabla watu hawajakuwako, jiwe kubwa lilianguka kutoka angani upande wa Ujerumani, likapiga ardhi kwa nguvu hata mchanga ukayeyuka. Ule mchanga ulioyeyuka ukarushwa juu, ukapoa hewani, ukadondoka mbali, katika nchi ile ya Wacheki. Wakulima huokota vipande mashambani baada ya mvua. Wanaviita moldaviti, na havipatikani ovyo.

Nikachukua lupe yangu, ile lenzi ndogo ya sonara, nikaliinua kwenye mwanga wa dirisha. Nawaapia, sijawahi kuona kitu kama kile. Ndani yake kulikuwa na mapovu, lakini si ya mviringo kama ya chupa. Yalikuwa yamevutika, marefu. Na katikati yake nyuzi safi zisizo na rangi, zimejisokota kama sukari inapoyeyuka kwenye chai ya moto kabla hujakoroga. Juu lilikuwa limesuguliwa likawa laini. Chini lilikuwa limeachwa na ngozi yake ya asili, mashimo na mifereji, kama kitu kilichotafunwa. Niliomba radhi. Nikamtengenezea pete ya fedha yenye kikombe kilichofungwa chini, ili ile ngozi isije ikamkwaruza kidole.

Baada ya juma moja alirudi. Pete ilikuwa pana, ilitaka kuteleza alipokuwa anaosha mikono. Hakuna kazi rahisi kuliko hiyo: unakata pete kwa nyuma, unapunguza kipande, unaunganisha kwa lehemu. Ila sheria ni kwamba jiwe hutolewa kwanza, na kioo ndicho hasa cha kutolewa, kwa sababu kioo hakipendi moto. Mimi niliogopa kuufungua mdomo wa kikombe. Nilikuwa nimeukunja vizuri mno, nikaona nikiuchokonoa nitalibana jiwe. Basi nikatumia ujanja wa wazee: nikachomeka jiwe ndani ya kiazi kibichi lisipate joto, nikaacha nyuma ya pete nje, nikapiga moto wa shalimo, lile bomba la kuchomelea, pale pale tu panapohusika. Lehemu ikayeyuka, ikakimbia kama maji. Kazi safi. Nikashika pete kwa koleo, na mkono wangu, bila kuniuliza, ukafanya kile ulichofanya kila siku kwa miaka thelathini na zaidi: ukaitumbukiza pete, bado ya moto, ndani ya bakuli la maji.

Nilisikia mlio mdogo sana. Kama punje ya mahindi kwenye kikaango. Nikajua kabla sijaangalia.

Vipande vitatu.

Nilikuwa peke yangu dukani. Ilikuwa Alhamisi, na mama angekuja Jumamosi. Nilikaa na ile pete kiganjani mpaka adhana ya alasiri, na sikwenda kusali. Nilimwona Mzee Rajabu akivaa kofia yake. Nilijua njia ya kwenda Kanyosha, mabasi yalikuwa yanapita Musaga kila dakika. Nilisimama mara mbili nikafika mlangoni. Mara ya pili nikamkumbuka mama alivyoonekana siku ile nilipomwambia kwamba ni chupa, nikarudi kukaa.

Halafu nikatoka uani, nikaokota chupa ya kijani, nikaivunja kitako.

Sitawaficha kwamba niliifanya kazi hiyo kwa ustadi. Nilikipunguza kile kitako kwa koleo, nikakigandisha kwa nta kwenye kijiti, nikakisaga kwenye jiwe la maji, kisha msasa mbaya, msasa laini, na mwishowe kitambaa chenye ule unga mwekundu wa kung'arishia vioo. Rangi ilikuwa karibu sana. Nyuzi za ndani sikuweza kuzitengeneza, wala hakuna binadamu anayeweza. Na vile vipande vitatu niliviweka juu ya chuma nikavisaga kwa nyundo mpaka vikawa unga, kwa sababu niliogopa mtu asije akavikuta. Unga nikaupuliza nje ya mlango.

Jumamosi mama alivaa pete, akasema inabana kidogo. Nikamwambia itazoea. Ukweli ni kwamba nilifurahi ilivyobana. Pete isiyotoka kidoleni haifiki kwenye lupe ya fundi mwingine.

Na nikaongeza jambo jingine, ambalo nataka mlisikie vizuri. Nilimwambia: "Mama, ile jiwe ni dhaifu sana. Usimuachie mutu yeyote aikate wala aiguse na chombo. Ikipata mushituko itapasuka. Mi tu ndio naijua."

Aliniamini. Kila miezi michache akawa anakuja nimsafishie pete ikiwa kidoleni, kwa mswaki na sabuni. Aliniletea ndagala. Aliwaambia wanawake wa kwaya yake kwamba Saidi ndiye sonara mwenye heshima Bujumbura nzima, wakaanza kuja nao. Nilikula ndagala zile na familia yangu, na kila nilipotafuna niliwaza: siku gani? Nikisikia kuna mzungu wa madini ameingia mjini, silali vizuri. Nikimwona polisi amesimama ng'ambo ya barabara anakunywa soda, nafunga duka mapema.

Siku moja alikuja na Fabiani, aliyekuwa amerudi kutoka Ulaya kutembea. Mama alinyoosha mkono mezani kwa furaha, amwoneshe kazi yangu. Fabiani aliwasha taa ya simu, akaishusha juu ya jiwe. Alikaa hivyo muda mrefu. Mimi nilikuwa nimeshika tupa, nikaona jasho la kiganja linaifanya iteleze. Akasema taratibu kwamba siku hizi linaonekana jeupe zaidi. Nikajibu kwamba nililing'arisha. Akaniangalia, akamwangalia mama, akazima taa. Alisema pete ni nzuri, akamshukuru mama kwa kumleta. Mpaka leo sijui alijua au hakujua. Alipoaga alinipa mkono, nao ulikuwa baridi, au labda wangu ndio uliokuwa baridi.

Hivi sasa nyinyi mnapiga picha kila jiwe kwa simu kabla halijaingia dukani, mbele, nyuma, na mwenye mali akiwa anaona. Wapo wanaolalamika kwamba ni kupoteza muda. Mimi nawaambia fanyeni. Ningekuwa na desturi hiyo, kile kitako cha chupa nisingethubutu hata kukiokota.

Siku yenyewe ilifika msimu wa mvua, asubuhi ya kawaida. Nilisikia teksi imesimama, kisha sauti ya Esperansi, binti wa Mama Deo, ananiita papa Saidi, papa Saidi. Alikuwa amemshikilia mama yake. Mama alikuwa ameteleza kwenye mteremko karibu na nyumba yao jioni iliyotangulia, akaangukia mkono wa kushoto. Kifundo kilikuwa kimevunjika, hata mimi nisiye daktari niliona. Mkono ulikuwa umevimba kama mkate. Na kidole chenye pete kilikuwa kimefura pande zote mbili za fedha, ncha yake imekuwa na rangi ya bilinganya.

Esperansi alinieleza haraka. Kwenye kituo cha afya muuguzi alitaka kuikata pete kwa koleo kabla ya jambo lingine lolote, maana bila hivyo kidole kingekufa. Mama alikataa. Alisema hakuna atakayeigusa isipokuwa Saidi. Wakapoteza usiku mzima na asubuhi wakibishana.

Nilimkalisha, nikauinua mkono wake juu ya bega langu ili damu ishuke. Maji baridi, kisha mafuta. Halafu nikajaribu uzi. Mlijue hili, litawafaa: unapenyeza ncha ya uzi laini chini ya pete kwa sindano butu, unauzungusha kidoleni kwa kubana kutoka kwenye pete kwenda kwenye ncha, mzunguko kando ya mzunguko, kisha unaufungua kutoka upande wa chini, na pete inapanda juu ya uzi hatua kwa hatua. Limeniokoa mara nyingi. Siku hiyo uzi haukupenya hata kidogo. Mama alikuwa anatetemeka kwa maumivu, lakini hakulia. Niliminya ncha ya kidole kuona kama damu inarudi. Haikurudi.

Nikachukua msumeno mwembamba.

Akaurudisha mkono kifuani. "Apana," akasema. "Itapasuka. We mwenyewe uliniambia."

Nikamwambia nitakata kwa nyuma, mbali na jiwe. Akauliza kama pete ikikatwa na kupanuliwa, kikombe hakitajikunja. Miaka yote hiyo alikuwa amenisikiliza vizuri. Ni kweli, kingejikunja, fedha ilikuwa nene. Esperansi alipiga magoti mbele yake akamsihi kwa Kifuliiru, lugha ya kwao, siwezi kuwaeleza alisema nini, nilisikia tu jina la Deo mara kadhaa. Mama alikuwa anatikisa kichwa. Kisha akaniangalia mimi, si binti yake.

"Wakate kidole," akasema. "Jiwe ya mutoto wangu ibaki."

Wanangu, kuna uoga wa aina nyingi. Ule wa miaka tisa ulikuwa kama jino bovu, unaishi nalo. Huu haukuwa wa kuishi nao. Niliona kabisa mambo mawili yamewekwa mbele yangu: mwanamke huyu atakatwa kidole kwa ajili ya kitako cha chupa nilichokiokota uani, au nitafungua mdomo wangu na yule Saidi ambaye watu walimheshimu atakuwa amekwisha. Na aibu yangu ni kwamba nilifikiria. Nilipima. Nilihesabu moyoni kwamba labda hospitali watamlazimisha, labda watampa dawa ya usingizi waikate bila yeye kujua, na mimi nitapona. Nilifikiria hivyo huku nimeshika mkono wake.

Kilichonifungua mdomo si ushujaa. Ile ncha ya kidole iligusa kiganja changu, nayo ilikuwa ya baridi kama kitu kisicho cha mtu.

"Mama Deo," nikasema, "hii si jiwe ya Deo. Ni chupa. Ile ya Deo niliipasua mi, siku ulileta nipunguze pete. Niliogopa kukuambia."

Esperansi aligeuka polepole. Nje kulikuwa na mtu anauza kadi za simu, niliisikia sauti yake waziwazi. Mama aliitazama pete kana kwamba ni mdudu ametua juu ya mkono wake, kisha akaunyoosha ule mkono juu ya meza yangu.

"Kata," akasema.

Nilichomeka kipande chembamba cha bati kati ya fedha na ngozi ili msumeno usimfikie. Nilivunja wembe wa msumeno, nikaweka mwingine. Nilipofika mwisho nikaipanua pete kwa koleo mbili, na kama alivyosema, kikombe kilijikunja, kile kioo kikatoa mlio na kupasuka katikati. Hakuna aliyeshtuka. Pete ilitoka, na alama yake ikabaki kwenye nyama, mfereji mzito. Baada ya kitambo wekundu ulianza kupanda kwenye kidole, kidogo kidogo. Mama alisimama bila kunitazama, wakaingia kwenye teksi kwenda hospitali. Pete waliiacha mezani.

Siku zilizofuata sikufungua duka. Mke wangu alidhani ni malaria. Nilikaa chumbani nikingoja hodi: polisi, au vijana wa Kanyosha, au wanawake wa kwaya wote pamoja. Hakuna aliyekuja. Hilo lilinitisha zaidi. Nilisikia kwa watu kwamba mkono umefungwa plasta, kidole kimepona isipokuwa hakinyooki vizuri, na kwamba mama alipoulizwa kuhusu pete alijibu tu kwamba ilikatwa.

Basi nikavaa kofia. Miguu ilikuwa mizito, Mzee Rajabu hakunidanganya. Nilipanda basi mpaka Kanyosha, nikauliza, nikaoneshwa nyumba. Esperansi ndiye aliyefungua, akasimama mlangoni bila kusogea. Sauti ya mama ikatoka ndani ikisema amwache apite.

Alinikalisha kwenye kiti, akaniwekea chai. Niliomba msamaha kwa maneno niliyoyapanga ndani ya basi, nikayasahau nusu. Aliyaacha yapite. Aliuliza vipande viko wapi. Nikamwambia nilivisaga, nikavipuliza. Alifumba macho, kisha akayafumbua.

Akaniambia nimweleze lile jiwe lilivyokuwa ndani. Yeye hakuwahi kuliangalia kwa lupe, wala Deo hakuwahi, pengine. Mimi peke yangu ndiye niliyeona. Nikamweleza. Mapovu marefu, zile nyuzi zilizojisokota, ngozi ya chini iliyotafunwa na mashimo. Alinirudisha nyuma pale nilipopita haraka, akitaka kujua nyuzi zilielekea upande gani, na kama kijani kilikuwa kile kile mpaka pembeni. Nilimweleza yote, na hapo ndipo nilipotambua kwamba nilikuwa bado nalikumbuka lote, kila kona yake. Esperansi alikuja akasimama nyuma ya kiti cha mama yake, naye akasikiliza.

Mwishoni aliuliza nilikuwa na nani siku lilipopasuka. Nikamjibu kwamba nilikuwa peke yangu.

"Deo walimuzika ndio wakanipigia simu," akasema. "Walisema hawakutaka kunishitua. Na we pia hukuniita, Saidi. Ningekuja. Ningekuja hata kwa miguu, tukae pamoja na ile vipande."

Aliichukua chai yangu iliyokuwa imepoa, akaimwaga uani, akaniwekea nyingine.